Siku Walipoondoa Gugu

Ndege kwarara aliyekuwa akilia ndani ya simu ya Maximilla Adongo kila jioni amenyamaza. Wale wa kweli wangali wanapita juu ya mabati ya mtaa wa Manyatta wakirudi kulala, wakipayuka kama watu wanaogombania njia, na Adongo bado huinua kichwa kutoka kwenye cherehani, mkono ukajiendea mfukoni kuitafuta simu. Halafu anakumbuka. Mkono unarudi kwenye kitambaa, na pindo la pazia linaendelea.

Hakuna aliyekufa. Hilo ndilo linalomchosha, kwamba jambo lenyewe halina jina. Mtu akifiwa, majirani huja, hema husimamishwa, chai huchemshwa kwenye sufuria ya kuazima. Lakini ukifungiwa mchezo wa kwenye simu, unamwambia nani? Alimwambia dada yake wa Ahero, naye akacheka hadi akakohoa.

"Max! Mwanamke mzima na wajukuu, unalilia gemu?"

"Sililii gemu."

"Sasa unalilia nini?"

Adongo akamuuliza habari za mpunga.

Yeye ni fundi wa mapazia katika soko la Kibuye. Kibanda chake kimepakana na kile kilichokuwa cha Mumbi, mwanamke wa Karatina aliyekuja Kisumu akiwa bibi harusi wa mfanyabiashara wa viazi, akabaki baada ya mfanyabiashara huyo na viazi vyake kuhamia mji mwingine. Mumbi aliuza vitambaa, Adongo akavishona. Mteja alinunua kwa mmoja, akageuka, akapimiwa na mwingine, na kati ya vibanda hapakuwa na ukuta ila gunia lililoning'inizwa, ambalo hata hilo walilitoa kwa sababu lilizuia mazungumzo. Mwaka ule wa ghasia za uchaguzi, majina ya watu yalipokuwa yakiulizwa barabarani ili kujua makabila yao, Mumbi alilala chumbani kwa Adongo kwa siku nyingi bila kufungua dirisha na bila kuinua sauti. Mtaa wa Kondele ulipotulia, walirudi sokoni wakafungua vibanda. Hawakulizungumzia tena.

Mchezo wenyewe ulianzia mezani. Mwalimu Absalom Oyugi, aliyefundisha sanaa katika shule moja ya upili, alichora ghuba ya Winam nyuma ya kalenda kuukuu, akapanga gati saba ukingoni, akachonga boti za mbao zisizozidi ukubwa wa harage. Aliuita Gati Saba. Kila mchezaji alikuwa na boti, nyavu na barafu, akatafuta samaki, omena, ngege na mbuta, akajitahidi kuwafikisha sokoni kabla barafu haijayeyuka. Watu waliucheza Jumapili baada ya kanisa katika hoteli moja ya chai pale Kondele, chapati zikipoa kando. Baadaye mchapishaji akautia ndani ya sanduku. Sanduku la pili likaongeza visiwa, la tatu likavuka mpaka hadi Uganda, na kabla ya mwalimu kufariki kulikuwa na fulana za Gati Saba, vikombe vya Gati Saba, mashindano ya shule, na wageni kutoka Kampala na Mwanza waliokuja Kisumu kupiga picha kwenye gati walizozijua kutoka ubaoni.

Lakini roho ya mchezo ilikuwa gugu. Kulikuwa na kadi za kijani zenye picha ya gugu maji, mmea unaoelea na kuziba ziwa, na ukiipata moja, gati uliyoiendea inafungwa. Kwenye karatasi ya sheria Oyugi aliandika sentensi moja tu kuhusu jambo hilo: boti iliyokwama itasubiri hadi walio mezani wairuhusu kupita. Hakusema wairuhusu kwa sababu gani. Watu wa Kisumu wakalijaza pengo hilo kwa kitu walichokuwa nacho tayari, yaani pakruok, ule utaratibu wa sherehe za Wajaluo ambapo mtu husimamisha muziki, akajitaja jina na kwao, akajisifu mbele ya watu hadi wamkubali, ndipo ngoma iendelee. Ukikwama kwenye gugu, unasimama unajisifu. Ukiwachekesha, unapita. Ukiwachosha, unakaa.

Mwanzoni Mumbi alikataa. Alisema kwao hawana pakruok, na boti yake ikawa inakaa kwenye gugu mchezo mzima, Jumapili baada ya Jumapili, akinywa chai yake na kutazama wengine wakipita. Walubengo, muuza nyama aliyekuwa na kiti chake maalumu karibu na mlango, ndiye aliyemchokoza hadi akachoka.

"Mama, hiyo boti yako sasa imekuwa kitanda ya kiboko," alimwambia. "Simama useme kitu. Hata mbuzi yangu kabla nichinje inasema kitu."

Mumbi alisimama. Alikunja mikono ya sweta yake. Hoteli ilikuwa na watu hata wa meza nyingine, wengi wao hawakumjua.

"Mimi ndiye Mumbi!" alisema, na sauti ikatoka kubwa kuliko alivyokusudia. "Mumbi nyar Karatina, binti wa Karatina! Mlima ulinizaa, ziwa likaninyonyesha! Mimi nauzia watu mapazia na nyumba zao hazina madirisha, na kesho wanarudi kuuliza kama niko na dirisha! Muulizeni Walubengo. Huyu alininunulia pazia ya choo!"

"Choo yangu iko na heshima!" Walubengo alipiga kelele.

"Iko na maua ya pinki!"

"Apite! Yawa, apite huyu mama kabla afike kwa godoro!"

Meza ilitikisika kwa vicheko, na boti ya Mumbi ikapita. Adongo, aliyemjua mwanamke huyu alipokuwa akinong'ona jina lake chumbani mwake, aliinamia ubao kana kwamba anatafuta boti iliyopotea. Tangu siku hiyo hakuna aliyejisifu kama Mumbi. Kuna watu walikuja pale hotelini kumsikiliza tu, hata kucheza hawakujua.

Miaka ikaenda. Mwalimu Oyugi alipofariki, jamaa zake waliiuzia kampuni moja ya Nairobi haki ya kutengeneza Gati Saba ya kwenye simu. Kampuni ikamtuma Valerie Mburu, mwanamke kijana mwenye miwani mikubwa, aje aone mchezo unavyochezwa kwao. Valerie aliupenda mchezo huo tangu shule ya upili, na masanduku yote matatu alikuwa nayo. Alikaa hotelini Kondele siku nzima, akala samaki hadi mifupa, akakwama kwenye gugu, akasimama, akajisifu kwa Kiswahili cha Nairobi hadi Walubengo akaomba maji. Kabla ya kuondoka alimwachia Adongo nambari yake.

"Hii ya kusimama na kujisifu, lazima iingie," alisema. "Bila hii hakuna mchezo."

Akatimiza. Gati Saba ya kwenye simu ilipotoka, ilikuwa na maji yanayong'aa, boti zinazoyumba kidogo, na kwarara anayelia wenzako wakikungoja. Ulicheza kwa vidole, kimyakimya. Lakini gati ikifungwa na gugu, maikrofoni hufunguka, na aliyekwama anaweza kusema na kusikika hadi wenzake wabonyeze neno moja: Apite.

Mwaka uliofuata, mama yake Mumbi alianza kusahau. Kwanza aliacha jiko likiwaka, kisha akaanza kuwatafuta watu waliokufa zamani. Mumbi alikuwa mtoto pekee aliyebaki. Alifunga kibanda, akamwachia Adongo funguo, akasema anaenda kwa miezi michache.

"Ukirudi utapata panya wameshona mapazia yote," Adongo alimwambia kituoni.

"Wakishona vizuri kuliko wewe, nitawaajiri."

Miezi michache ikawa mwaka, na mwaka ukapata mwenzake. Walipigiana simu, bila shaka. Lakini simu inataka habari. Unapiga, unaulizwa mama anaendeleaje, unajibu kwamba jana hakunijua, kisha nyote wawili mnabaki mkishikilia jibu hilo bila mahali pa kuliweka. Mchezo haukutaka habari. Jioni kwarara alilia, Adongo akafunga cherehani, na kule Karatina Mumbi, baada ya kumlaza mama yake, alikaa kwenye kigoda jikoni na kuingia ziwani. Hawakuulizana kitu. Mumbi alielekea moja kwa moja kwenye gugu, akakwama kwa makusudi, na sauti yake ikajaa chumba cha Adongo:

"Mimi ndiye Mumbi, nyar Karatina! Leo nimeogeshwa kuliko niliyekuwa nikimwogesha! Mama amenimwagia beseni lote, na bado niko mrembo! Adongo, hiyo boti yako ni ya kushonwa? Naona inavuja kwa pindo!"

Adongo hakubonyeza Apite. Hakuna aliyebonyeza haraka. Walubengo, aliyekuwa akicheza akiwa kwenye duka lake la nyama, alisema waziwazi kwamba yeye hashindani na mtu, anangoja zamu yake ya kukwama. Watu wote wa meza ile ya Kondele, waliokuwa wametawanyika kwa kazi na kwa magonjwa, walifanya hivyo hivyo. Waliendesha boti zao hadi ndani ya gugu na kukaa humo wakiongea, na samaki wakaoza kwenye barafu iliyoyeyuka.

Nje ya gugu, mambo ya mchezo hayakuwa mazuri. Wale waliokuja kwa sababu waliyajua masanduku walinung'unika kwamba hii si Gati Saba yao, boti hazishikiki mkononi, na hapana chai. Wale wasioyajua masanduku waliuliza kwa nini mtu ahangaike na barafu na nyavu, kwa nini asipigane. Ili kuwapendeza hao wa pili, kampuni ikaleta maharamia wenye bunduki. Wa kwanza wakaona maharamia, wakaondoka kwa hasira. Wa pili wakapigana wiki moja, wakaondoka pia, kwa maana michezo yenye bunduki ni mingi na ilikuwa na bunduki bora. Zikaletwa boti za dhahabu za kununuliwa. Jamaa za mwalimu wakakataa maharamia, wakakubali dhahabu. Adongo aliyaona hayo yote yakipita juu yake kama mawingu ya mahali pengine. Yeye alikuwa ndani ya gugu.

Siku moja swali lilijitokeza kwenye simu zao wote: Ni kitu gani kinachokukera zaidi katika Gati Saba?

Adongo aliandika: Gugu.

Hakufikiri hata kidogo. Mtu wa Kisumu akiulizwa kinachomkera, atataja nini kingine? Pale ufukweni Dunga watu husalimiana kwa gugu kabla ya kuulizana habari za watoto. Limefunga, limesogea, upepo umelirudisha, serikali imelala. Ni namna ya kumwonyesha mwenzako kwamba mnaishi mahali pamoja. Mumbi naye, aliyekaa huko miaka mingi hadi akalalamika kama wenyeji, aliandika gugu. Walubengo aliandika gugu, gugu, gugu, Mungu alichome, kisha akawatumia wenzake picha ya jibu lake, wakacheka siku mbili.

Kule Nairobi, watu wa kampuni waliweka majibu hayo kando ya yale waliyoyaona kwenye kompyuta zao: boti nyingi za Kisumu zinakwama kila jioni, zinakaa zimekwama muda mrefu, hazifiki sokoni, hazishindi. Mtu mwenye akili na nia njema angeona nini? Angeona watu wanaoteseka na wanaoomba msaada.

Tangazo lilikuja na picha ya ziwa jeupe lisilo na doa. Tumewasikia! Gugu limeondolewa. Sasa safiri bila kusimama.

Jioni ile Adongo na Mumbi waliingia kama kawaida. Gati zote zilikuwa wazi. Boti ya Mumbi iliteleza kutoka Homa Bay hadi Mbita bila kizuizi, ikapishana na ya Adongo katikati ya maji, karibu kugusana, na hakuna sauti iliyosikika kwa sababu hapakuwa na mahali pa kuifungulia. Mchezo uliisha chai ya Adongo ikiwa bado moto. Fataki zikalipuka kwenye kioo. Kisha ujumbe ukaingia kutoka Karatina.

"Nimeshinda?"

"Umeshinda."

"Sijasikia kitu."

Adongo alimpigia Valerie siku iliyofuata, akiwa amesimama nyuma ya kibanda ambako kelele za wauza mitumba zilipungua kidogo.

"Mama Maximilla!" Valerie alisema. Sauti yake ilifurahi, kisha ikaingiwa na tahadhari. "Mmeona mabadiliko?"

"Tumeona, mwanangu. Rudisheni gugu."

"Lakini ninyi ndio mlisema linawakera. Kisumu nzima ilisema. Niko nayo hapa."

"Tulisema. Si tunasema tu?"

"Mnasema tu?"

"Valerie, hapa mtu akilia juu ya gugu, anaongea. Hajaita trekta."

Mahali fulani nyuma ya Valerie, mtu alikuwa akiburuta kiti sakafuni.

"Mama, nilikuwa kwenye hiyo meza," Valerie alisema polepole. "Nilisimama nikajisifu. Ni mimi nilipaswa kujua. Lakini ukikaa huku, ukitazama boti kwenye grafu kila asubuhi, unafika mahali unaona boti tu. Nitawaambia."

Aliwaambia. Jibu lililorudi baada ya majuma kadhaa lilikuwa kwamba hakuna tena watu wa kulirudisha gugu. Wale waliolitengeneza walikuwa wameachishwa kazi, na waliobaki walikuwa wakishughulikia boti za dhahabu. Kisumu ikaacha kuingia ziwani. Walubengo alikuwa wa kwanza, alisema hawezi kusafiri kama parseli. Wengine walimfuata mmojammoja, bila kuaga. Adongo na Mumbi waliendelea kwa muda, wakizunguka kwenye maji safi, kila mmoja kwenye boti yake, kama wagonjwa wanaotembezwa uani.

Valerie ndiye aliyepiga simu kusema mchezo unafungwa. Naye alikuwa amepewa barua yake ya kuachishwa kazi.

"Ni kosa la gugu?" Adongo alimuuliza.

"Ningependa liwe la gugu," Valerie alisema, na uchovu wake ukamfikia Adongo wazi kama harufu. "Kuondoa gugu kumewatoa ninyi, lakini hata ninyi mlikuwa wachache. Tulinunua jina tukidhani watu wanalipenda jina. Waliupenda mchana wa Jumapili. Huo haukuwa kwenye mkataba, mwalimu hangeweza kuuza hata angetaka. Sasa kila mwezi lazima kompyuta zilipiwe hata kama ziwa lina watu kumi, na kila mwezi lazima tuweke kitu kipya ili watu wasichoke, na kila kitu kipya kinaufanya usiwe ule mchezo. Sanduku likikaa kabatini miaka mitano, ukilifungua ni lile lile. Sisi hatuwezi kukaa kabatini."

"Pole, mwanangu."

"Pole na wewe, Mama."

Mchezo ulifungwa Jumapili alasiri. Adongo alikuwa ametoka kanisani, hakubadilisha hata nguo. Aliingia ziwani mapema akaegesha boti yake katika gati ya Kendu Bay, mahali ambapo Mumbi alipenda kukwama, akangoja. Kulikuwa na wageni kadhaa, watu asiowajua, wakizungukazunguka. Mmoja aliandika kuuliza kama kuna zawadi kwa atakayebaki mwisho. Hakuna aliyemjibu. Mumbi hakuja. Baadaye Adongo aliambiwa kwamba mama alikuwa ametoka kwa lango la nyuma, na Mumbi alikuwa barabarani akimtafuta kwenye mashamba ya watu. Lakini alasiri ile hakulijua hilo. Alikaa kwenye boti yake, akitazama maji yaliyochorwa, hadi yakawa meupe na maneno ya shukrani yakatokea. Aliyasoma yote. Kisha simu ikarudi kwenye picha ya wajukuu wake.

Walijaribu njia nyingine. Adongo alitandaza ubao wa sanduku la zamani mezani, akaiegemeza simu kwenye kopo la sukari ili Mumbi aone, akawa anachezesha boti za wote wawili. Ilikuwa kazi ngumu. Mumbi hakuziona kadi vizuri, mtandao ulikatika, na Adongo, akitupa dadu kwa niaba ya mwenzake, alijihisi kama anayejilisha mwenyewe huku akijiita mgeni. Hata hivyo kadi ya kijani ilitokea. Ilikuwa zamu ya Mumbi.

"Simama, nyar Karatina," Adongo alisema. "Gati imefungwa. Tuambie wewe ni nani."

Kwenye simu, Mumbi alisimama. Adongo aliona sweta, kisha ukuta wa jiko. Sauti ya kikongwe ikaita kutoka chumba cha ndani, ikauliza jambo kwa Kikuyu, ikauliza tena, ikaanza kulia. Mumbi alijibu kwa sauti ndogo, akageuka, akauleta uso wake karibu kabisa na kioo. Alikuwa amekonda.

"Aol, nyamera," alisema. Nimechoka, dada yangu. Katika miaka yote ya vitambaa na Jumapili, ilikuwa mara ya kwanza Mumbi kusema Dholuo, lugha ya Wajaluo, pasipo mzaha.

Simu ikakatika, au aliikata.

Wiki iliyofuata ujumbe uliingia, mfupi, asubuhi wakati Adongo akifungua kibanda. Mumbi alisema kodi ya soko inaliwa bure. Alisema hatarudi, au hatarudi karibuni, na hilo ni jambo moja. Adongo atafute mtu ampe kibanda. Na wasisumbuane tena kwa simu za jioni, kwa sababu mama hutishika akisikia sauti ya mtu asiyemwona, na yeye Mumbi hana tena cha kusema.

Adongo aliusoma ujumbe huo akiwa amesimama kati ya vibanda viwili, pale palipokuwa na gunia. Hakulia. Alihisi kitu kizito zaidi ya kilio, kama kitambaa kilicholowa ambacho mtu anakibeba kwa sababu hana pa kukianika. Alielewa kwamba hapo ndipo watu hupoteana. Hawagombani. Kila mmoja anamhurumia mwenzake kiasi cha kumwacha, na baada ya miaka unasikia habari zake kwa mtu wa tatu.

Alitaka kujibu: Sawa. Vidole vilikuwa tayari. Akaona aibu. Mwanamke huyu aliwahi kulala chumbani mwake akiwa hana la kusema, na siku hizo hakuna aliyemdai maneno.

Alimaliza mapazia aliyokuwa ameahidi. Kisha akafunga cherehani kwa turubai, akapanda basi la Nakuru, akabadilisha gari, akapita Nyahururu kwenye baridi iliyompenya hadi magotini, akabadilisha tena Nyeri. Hakutangaza kwamba anakuja. Alipofika langoni, Mumbi alikuwa akianika shuka nyingi kuliko za watu wawili.

Walitazamana.

"Umefuata nini?" Mumbi aliuliza.

"Fungua lango, miguu imekufa."

"Nilikuandikia."

"Nilisoma. Fungua."

Mumbi alifungua. Ndani, kikongwe alikuwa ameketi kwenye kochi, blanketi magotini, nywele nyeupe zimesukwa vizuri. Alimtazama Adongo, akauliza swali.

"Anauliza wewe ni nani," Mumbi alisema. "Atauliza siku nzima. Ukimwambia, atasahau, atauliza tena, ataogopa tena. Nakwambia utachoka."

"Nimekuja nikiwa nimechoka tayari," Adongo alisema. "Wapi beseni?"

Alimwogesha mama. Kikongwe alipiga kelele mwanzoni, akamkwaruza mkononi, kisha akatulia alipoona maji ni ya vuguvugu, na akaanza kuisifu sabuni, au kuilaani. Adongo hakujua Kikuyu. Alipotoka kumwaga maji alimkuta Mumbi amelala kwenye kiti cha jikoni, mdomo wazi, kisu cha viazi mkononi. Alikitoa kile kisu polepole. Akamenya viazi vilivyobaki. Jua lilizunguka nyumba, kikongwe akauliza swali lake, Adongo akajibu jina lake, akaulizwa tena, akajibu. Mumbi alilala hadi kuku waliporudi bandani.

Alipoamka aliona sufuria motoni, akaona mama amesinzia, akatazama maganda ya viazi.

"Viazi umemenya kama unakata kitambaa," alisema. "Umetupa nusu."

"Kula hiyo nusu nyingine."

Walikula. Hawakucheza kitu. Sanduku lilikuwa limebaki Kisumu, na hakuna aliyelitaja.

"Kibanda nimpe nani?" Adongo aliuliza walipokuwa wakiosha vyombo.

Mumbi alisugua sahani moja muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

"Mpe Bridget, yule wa mashuka. Anapiga kelele lakini halali mteja akija."

"Nitampa."

"Na wewe utakaa na nani?"

"Nitakaa na Bridget. Nitakuwa nakuja huku."

"Ni mbali, Max."

"Najua ni mbali. Si nimetoka huko leo?"

Mumbi alicheka kidogo, kicheko kisicho na nguvu, kisha akaegemeza kichwa chake begani kwa Adongo, mikono yote miwili ikiwa bado ndani ya maji ya vyombo.

Bridget sasa anauza mashuka katika kibanda kilichokuwa cha Mumbi. Gati Saba ya kwenye simu haipatikani popote, ingawa masanduku bado yanauzwa katika maduka mawili ya vitabu mjini Kisumu. Kila muhula shule zikifunguliwa, pesa za watu huishia kwenye karo na hakuna anayenunua mapazia, na majuma hayo fundi hufunga cherehani. Muhula wa pili umefunguliwa Jumatatu. Maximilla Adongo yuko Karatina.